Kabedi na Kamba Iliyokatwa

Kabedi alikuta nguo zake zote matopeni. Alikuwa amekwenda robineti kuchota maji tu, na robineti ya kambi haikuwa mbali, ila foleni ilimchelewesha. Aliporudi na ndoo kichwani, kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu, na kila alichokianika asubuhi ile kimelala kwenye udongo mwekundu uliolowa kwa mvua ya jana: salopeti ya mumewe ya mgodini, mashuka, vitenge, nepi za mtoto. Shuka moja lilikuwa limekanyagwa, na alama ya buti ilionekana wazi katikati yake.

Alitua ndoo. Hakupiga kelele. Jirani yake Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni pake, naye ana nguo za matope mikononi.

"Nani amefanya hii?" Kabedi aliuliza.

"Bagardi ba camp, bale balinzi. Balipita nyumba kwa nyumba, na miye balinikatia. Banasema ni amri ya chef. Tangu leo hakuna kamba mbele ya nyumba."

"Amri ya Kalenga?"

"Ya Kalenga."

Kabedi aliinama akaanza kuokota. Kila nguo aliyoiinua ilikuwa nzito kwa matope, na kila moja ilimzidishia hasira, mpaka alipolifikia lile shuka lenye alama ya buti. Hilo aliliacha chini. Akaketi kizingitini.

Ulikuwa mwanzo wa mvua, mwaka wa sabini na tano, katika kambi moja ya wafanyakazi wa migodi pale Kolwezi. Nyumba za kambi zilijengwa kwa safu, zimegusana, zote zimeelekea upande mmoja. Mbele jua lilipiga tangu asubuhi. Nyuma palikuwa na uchochoro mwembamba, vyoo, mfereji wa maji machafu na ukuta mrefu wa ghala, na kivuli cha ukuta huo hakikuondoka kutwa nzima. Nguo iliyotundikwa nyuma ilianza kunuka kabla haijakauka. Kwa hiyo wanawake wote walianika mbele. Jua la asubuhi msimu wa mvua ni kali. Mtu akifua mapema, nguo zimekauka na kukunjwa kabla mawingu hayajakusanyika, na hajawasha hata kipande kimoja cha makala, yaani mkaa.

Na makala yalikuwa adimu. Umeme nao ulikuwa wa masharti. Tangu bei ya shaba ilipoanguka huko Ulaya, kambi ilikatiwa umeme asubuhi ukarudi jioni, na watu wakaambiwa wavumilie, kwamba nguvu inawekwa akiba kwa ajili ya mitambo. Wakavumilia. Kila nyumba ilipika kwa mbabula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu, na mwanamke aliyejua kubana makala yake ndiye aliyelisha watu wake mpaka mwisho wa mwezi.

Kabedi alikuwa Mluba wa kaskazini, wa upande wa Kabongo. Aliletwa Kolwezi kwa treni, bibi harusi wa Mbayo, ambaye aliendesha malori makubwa ya kubeba mawe ya shaba. Kanisani alibatizwa Henriette, lakini majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali siku hizo, na jina hilo lilibaki kwa wanawake wenzake wa kanisa, ambao waliliita kwa sauti ya chini. Hakuwa mgomvi. Watu wa kambini walimjua kwa usafi tu. Mbayo alirudi kutoka kazini na salopeti iliyokakamaa kwa vumbi na mafuta, na kesho yake alitoka na nyingine iliyong'aa, hata wenzake wakamtania kwamba mkewe anamwandaa kwenda misa.

Kalenga naye alikuwa mtu wa kwao. Hilo ndilo lililomfanya Kabedi ashindwe kuinuka pale kizingitini. Miaka iliyopita, alipokuwa bado anaitwa Polycarpe, alifika Kolwezi na begi moja, hana kazi wala pa kulala, na Mbayo akampokea kwa sababu baba zao walilima bonde moja. Alilala kwao msimu mzima wa kiangazi. Kabedi alimpikia bukari, ule ugali wa kwao, akamfulia, akamwita mdogo wake, naye akamwita yaya, yaani dada mkubwa. Kisha akapata kazi ya ofisini, akajua kuongea na wakubwa, akavaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na sasa yeye ndiye chef, mkuu wa kambi, citoyen Kalenga kwa mtindo wa siku hizo, anaishi kule mtaa wa wakubwa katika nyumba aliyoiacha mhandisi mmoja Mzungu. Akipita kambini alipita na gari.

Sababu ya amri ilijulikana siku hiyo hiyo. Wageni wa heshima wangekuja kutoka Kinshasa kutazama migodi, na msafara wao ungepita katikati ya kambi. Kalenga hakutaka waone nepi. Siku ya kuja kwao haikutajwa. Ingekuwa baada ya wiki, au baada ya mwezi. Kamba zisionekane, basi.

Wanawake wakaanza kukausha ndani. Walifunga uzi kutoka dirisha hadi mlango wa chumba, wakaweka mbabula chini yake. Kabedi alifanya hivyo hivyo, na kila siku aliyofanya hivyo alichukia zaidi. Nje ya dirisha jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia, na yeye yuko ndani anachoma makala ili nepi zikauke. Gunia lililozoea kumfikisha mwisho wa mwezi liliisha kabla ya nusu. Maharage yalitolewa motoni hayajaiva vizuri kwa sababu moto uliobaki ulitakiwa na salopeti. Nguo zilikauka nusu, zikanuka moshi, na Mbayo akalalamika kwamba shati lake linanuka kama samaki wa kukaushwa.

"Unilalamikie mi?" Kabedi alimwambia. "Enda umulalamikie ndugu yako."

"Ni wageni tu. Bakiisha kupita, itaisha."

"Bao beko Kinshasa, banakula. Mi niko hapa nachoma makala ya batoto yangu, na jua iko pale inje, haina ya mutu."

Mbayo alilivaa shati lake vivyo hivyo. Alikuwa mtu mpole, na kazini kwake mtu mpole ndiye aliyebaki na kazi.

Kisha likatokea la Shida.

Shida alikuwa binti mkubwa wa Sikudhani. Baba yake, Alimasi, alikuwa dereva wa kampuni, mtu wa Kasongo, na siku nyingi hakuwa nyumbani. Alasiri moja Sikudhani alikwenda sokoni Manika akamwacha binti yake nyumbani na mdogo wake wa kunyonya, amwangalie, na aziangalie nguo zilizotundikwa juu ya mbabula. Mvua ikashuka kwa nguvu. Shida akafunga dirisha ili maji yasiingie, akafunga na mlango.

Kabedi alikuwa upande wa pili wa ukuta, anachambua mboga. Alimsikia mtoto mchanga analia, kilio kirefu, kisha kikawa kifupi, kisha kikakatika. Hakukipenda kimya kile. Alikwenda akagonga mlango. Alimwita Shida. Alipoona hajibiwi aliusukuma mlango kwa bega, na joto zito likampiga usoni. Nguo zilikuwa zimening'inia nyeupe nyeupe, na chini yake, kando ya mbabula, Shida amelala ubavu, kichwa kimeegemea mguu wa kitanda. Mtoto mchanga alikuwa kitandani, amelegea, lakini anapumua.

Kabedi aliwatoa nje mmoja mmoja, akawalaza barazani mvua inapowafikia. Yule mchanga alikohoa, akalia tena. Shida hakukohoa. Kabedi alimfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa vile, miguu inaburutika, akampa jirani mwingine yule mchanga, akakimbia kwenye matope hadi zahanati ya kambi. Njiani alikuwa anaongea na mtoto, anamwambia asilale, na katikati ya maneno hayo alimtukana Kalenga kwa Kiluba, matusi ambayo hakuwahi kuyatoa mdomoni tangu azaliwe.

Shida alipona. Alizinduka jioni ile, akatapika, akamwita mama yake. Muuguzi alisema ni hewa ya makala, kwamba wangechelewa kidogo tu wasingemkuta. Lakini kichwa kilimsumbua miezi mingi, na shuleni, yeye aliyekuwa mwepesi wa hesabu, alianza kusahau.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kuzibua mifereji. Watu wote wa kambi walikuwa nje na majembe. Kalenga alifika na gari, akasimama juu ya ngazi ya ofisi, akashika megafoni. Kabedi alidhani atasema pole. Sikudhani pia alidhani hivyo. Alikuwa amemleta Shida, amefungwa kitambaa kichwani, ili chef amwone.

Kalenga alisema kuna akina mama wazembe humu kambini. Alisema mtoto amekaribia kufa kwa sababu mama yake anazurura sokoni. Alisema kuanzia leo ni marufuku kuwasha mbabula ndani ya nyumba, na atakayekamatwa mume wake atakatwa mshahara.

Kabedi aliinua mkono.

"Chef, mi nauliza. Ku inje umekataza. Mu nyumba umekataza. Tukaushe wapi?"

"Citoyenne, haiko saa ya maulizo," Kalenga alisema, hakumtazama. "Kila mutu arudie ku kazi."

Kabedi alitupa jembe lake kwenye mfereji. Alipiga magoti mbele ya Sikudhani, ambaye alikuwa analia bila sauti, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akaondoka na kuvuka barabara, peke yake, kuelekea mtaa wa wakubwa.

Huko barabara zilikuwa na lami na miti ya jakaranda, na kila nyumba ilikuwa na ua mpana wa nyasi ambao jua lilimwagika juu yake bila kizuizi. Ua wa Kalenga ungeweza kuanikwa nguo za kambi nzima. Haukuwa na hata kamba moja. Mke wa Kalenga, mwanamke mchanga kutoka mjini, alimpokea vizuri, kwani hakujua amekuja na nini moyoni. Alimpitisha jikoni ampe maji ya kunywa.

Kabedi alisikia mngurumo kabla hajaona. Kwenye kona ya jikoni kulikuwa na sanduku kubwa jeupe la chuma, lenye dirisha la duara, na ndani yake nguo zilikuwa zinazunguka. Sanduku lilitoa joto kama tanuri. Alitambua mashati meupe, taulo, soksi.

"Ni nini ile?"

"Mashini ya kukausha. Muzungu aliiacha," mke wa Kalenga alisema, na akatabasamu kwa fahari kidogo. "Inakula courant mingi, lakini muzuri sana. Nguo inatoka moto, kama imepigwa pasi."

"Na courant iko? Ku camp haiko tangu asubuhi."

"Hapa umeme haikatike."

Kabedi alitazama dirishani. Nje, nyasi zilikuwa zinametameta. Lilikuwa jua la kupasua kichwa, jua ambalo lingekausha zile taulo kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Na mashine ilikuwa inazunguka. Aliirudisha bilauri ya maji mezani bila kuinywa.

Kalenga, amerudi na gari, alimkuta barazani alipokuwa anatoka.

"Yaya," alisema, maana hapa hapakuwa na watu. "Ecoute, sikia. Usikasirike. Mi pia niko na bakubwa yangu. Banguo mbele ya nyumba, ile inatuonyesha kama basauvage, batu ba pori."

"Ile chemise ulivaa siku ya kwanza ya kazi yako, ilikaukia wapi?"

Kalenga aligeuka kutazama barabarani.

"Ile shati ilikaukia ku kamba yangu. Mbele ya nyumba yangu. Mi njo niliifua, mi njo niliianika, na ulienda nayo mbele ya bazungu, hakuna mutu alisema weye ni sauvage. Leo courant ya batoto ya camp iko inazungusha soksi yako, na mutoto wa Sikudhani alikaribia kukufia. Weye unaona haya ya nepi. Ya mutoto hauone haya."

"Ukisema vile mbele ya batu, nitakuumiza, yaya. Sitapenda, lakini nitakuumiza."

"Uniumize," Kabedi alisema. Akashuka ngazi.

Usemi huo ulimfikia Mbayo kabla ya mkewe kufika nyumbani, kwa jinsi habari zinavyokwenda kambini. Waligombana mchana mweupe, milango wazi. Mbayo alisema nyumba hii ni ya kazi, kazi ikiisha nyumba imeisha, na watoto watalala wapi. Alisema yeye amenyamaza miaka yote chini ya Wazungu na chini ya hawa, na kunyamaza huko ndiko kulikowalisha. Alikuwa na haki, na Kabedi alijua ana haki, na jambo hilo lilimchoma kuliko yote.

"Mi sina hasira na weye," alimwambia. "Lakini nikinyamaza leo, nitakuwa na hasira na weye mpaka kufa. Afadhali batuondoe."

Mbayo alitoka akaenda kukaa kwa rafiki zake.

Wageni walikuja Jumatano. Asubuhi magari ya polisi yalipita kuangalia njia, bendera zikafungwa, watoto wa shule wakapangwa kando ya barabara. Kabedi alifua kama siku yoyote. Alipomaliza alichukua kamba mpya ya katani, akaifunga kutoka nguzo ya baraza lake hadi nguzo ya taa, juu kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeiona. Akaanika. Salopeti mbele, mashuka, kisha nepi zote, moja moja, amezinyoosha.

Sikudhani alitoka akamtazama. Akaingia ndani. Alirudi na beseni.

Hakuna aliyepanga chochote. Lakini mlango baada ya mlango wanawake wakatoka na mabeseni, wengine na nguo zilizokwisha kukauka juzi, wakazilowesha tena makusudi. Mpaka walinzi walipokuja, safu nzima ilikuwa imefunikwa na nguo, na huwezi kuona milango. Mlinzi wa mbele alikuwa na kisu mkononi. Alifika kwa Kabedi, naye akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Kata," alimwambia. "Lakini utakata na vidole."

Mlinzi alitazama kulia. Nyumba ya mbele kidogo, mke wake mwenyewe alikuwa anabana soksi zake kwenye kamba, amempa mgongo. Akarudisha kisu kiunoni.

Kalenga alifika anakimbia, abakosti imelowa jasho makwapani. Hakuwa na megafoni. Alimwambia Kabedi ashushe nguo mara moja, kwa amri, kwa jina la serikali, na alipoona hasogei akashusha sauti akasema yaya, tafadhali.

Kabedi aliongea kwa sauti ya kawaida, lakini kambi yote ilikuwa imenyamaza, ikasikia.

"Polycarpe," alisema, na watu wakashtuka kusikia jina lile, "enda kwako uzime mashini yako. Ukiizima, mi nashusha."

Wengi hawakuwa wanajua habari ya mashine. Wakaanza kuulizana. Kalenga alifungua mdomo, na hapo ving'ora vikasikika.

Msafara ulipita. Magari meusi, vioo vimefungwa, yalikwenda kasi kukwepa mashimo. Watoto waliimba. Katika gari la katikati, mgeni mmoja mnene alikuwa amelala, shavu limebandikwa kwenye kioo. Wengine walikuwa wanasoma makaratasi. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kutazama nguo, wala watoto, wala kambi. Vumbi likapanda, likatua polepole juu ya mashuka yote.

Kabedi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Makala yote yale, na Shida, kwa ajili ya watu ambao hawakutazama. Alisimama ameishika kamba, na machozi ya hasira yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Kisha akaanza kuanua, ili afue tena.

Kalenga alitimiza neno lake. Kabla mwezi haujaisha Mbayo aliondolewa kwenye malori akapelekwa kazi ya koleo, na nyumba ikatakiwa kwa ajili ya mfanyakazi mwingine. Walihamia Manika, vyumba vya kupanga kwa mfanyabiashara mmoja. Mbayo alikaa muda mrefu akiongea na mkewe maneno ya lazima tu. Ilimchukua muda kurudi kuwa yule mume wa zamani, na pengine hakurudi kikamilifu. Kabedi hakumlaumu, wala hakuomba radhi.

Kambini kamba zilibaki mbele. Hakuna aliyefuta amri, na hakuna aliyeikumbusha. Sikudhani alikuja Manika mara kwa mara na Shida, anamletea Kabedi mchele wa Kasongo, na wakikaa walizungumza mambo mengine.

Miaka ilipita, Kalenga naye akaangushwa na waliokuwa na marafiki wakubwa kuliko wake. Kabedi alikutana naye sokoni siku moja, amekonda, amevaa shati la kawaida, anachagua vitunguu. Kalenga ndiye aliyemwamkia wa kwanza, akanyoosha mkono.

"Yambo, yaya. Ile maneno ya zamani, tuiache. Mi nilitumwa tu."

Kabedi aliutazama ule mkono.

"Ulienda kumuona Shida?"

"Shida nani?"

Kabedi alijitwisha kapu lake. Muuza vitunguu, aliyekuwa anawasikiliza, alisema baadaye kwamba mama yule hakutukana wala hakutema mate. Alipita tu katikati ya meza, na watu wakampisha njia, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa.